Ngozi inayobaki: historia ya upasuaji ulio kati ya tiba na urembo

Mtu aliyepunguza kilo 50 au 60 za mwili wake hupongezwa na kila anayekutana naye. Lakini chini ya nguo zake huenda akawa amebeba mzigo mwingine usioonekana: ngozi iliyolegea, inayoning'inia tumboni, mikononi na mapajani. Upasuaji wa kuiondoa ngozi hiyo una historia ya zaidi ya karne moja, na hadi leo madaktari, mashirika ya bima na serikali bado wanabishana iwapo ni tiba au ni urembo. Makala haya yanafuatilia safari ya upasuaji huo, kwani jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani ahudumiwe na nani aachwe alipe mwenyewe.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini ngozi hubaki. Ngozi ya binadamu ina tabaka la ndani lililosukwa kwa nyuzi za protini, hasa kolajeni inayoipa nguvu na elastini inayoiwezesha kuvutika na kurudi. Mwili unaponenepa kwa miaka mingi nyuzi hizo hunyoshwa, nyingine hukatika, na mafuta yanapoondoka hazina tena uwezo wa kujikusanya. Umri, uvutaji wa sigara, mimba na wingi wa kilo zilizopotea huongeza tatizo. Mazoezi hujenga misuli iliyo chini ya ngozi, lakini hayawezi kuirudisha ngozi iliyokwisha kupoteza uwezo wa kujikunja. Mwenye mwili hubaki kama aliyevaa kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, asiweze kuivua.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Anayeona kwa nje huona mtu aliyekonda na kupendeza. Mwenyewe anajua kwamba pale ngozi inapolalia ngozi, jasho halikauki, fangasi hustawi, na vidonda huota na kunuka hata akioga mara tatu kwa siku. Anajua kwamba mkunjo wa tumbo unaofika mapajani huvuta mgongo, huzuia kukimbia, na wakati mwingine hutatiza hata haja ndogo na tendo la ndoa. Haya ni malalamiko ya afya, na ndiyo yaliyowasukuma madaktari wa mwanzo kushika kisu.

Kutoka Roma hadi Baltimore

Wazo la kuupunguza mwili kwa kisu ni la kale. Mwandishi wa Kirumi Plinio Mkubwa, aliyefariki mwaka 79, ametaja katika kitabu chake cha elimu ya viumbe kwamba mtoto wa Lucius Apronius, mtu aliyewahi kushika cheo cha konsuli, aliondolewa mafuta mwilini ili apunguziwe uzito uliomzuia kutembea. Talmud, hazina ya mafundisho ya Kiyahudi, nayo inasimulia habari za Rabi Eleazar mwana wa Simeoni, aliyenyweshwa dawa ya usingizi, akaingizwa katika nyumba ya marumaru, akapasuliwa tumbo na kutolewa vikapu vya mafuta. Masimulizi hayo hayawezi kuchukuliwa kuwa kumbukumbu za hospitali. Lakini yanaonesha kwamba watu wa zama zile waliuona unene wa kupita kiasi kuwa mzigo ambao mganga angeweza kuutua.

Ilibidi zipite karne nyingi kabla ya jambo hilo kuwezekana kwa usalama wa kiasi fulani. Mwaka 1846 mjini Boston, Marekani, ilioneshwa hadharani kwamba mgonjwa anaweza kulazwa usingizi kwa mvuke wa etha na asihisi kisu. Mwaka 1867 daktari Joseph Lister, akifanya kazi Glasgow, alichapisha matokeo yake kuhusu matumizi ya dawa ya kuua vijidudu vidondani. Bila mambo hayo mawili, upasuaji unaoacha jeraha la kutoka nyonga moja hadi nyingine ungekuwa hukumu ya kifo.

Vitabu vya historia ya tiba hutaja Ufaransa, mwaka 1890, ambako madaktari Demars na Marx waliripoti kuondoa ngozi na mafuta ya tumbo. Lakini kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Marekani. Howard Kelly, aliyezaliwa mwaka 1858, alikuwa profesa wa kwanza wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, na mmoja wa wanne wanaohesabiwa kuwa waasisi wa tiba katika taasisi hiyo. Mwaka 1899 aliripoti upasuaji wa mwanamke mwenye uzito wa pauni 285, yaani takriban kilo 129. Alimkata kipande cha ngozi na mafuta chenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 31 na unene wa sentimita 7. Kilipowekwa kwenye mizani kilikuwa na uzito wa gramu 7,450.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia katika kisa hicho. La kwanza ni kwamba Kelly hakuwa daktari wa urembo. Alikuwa bingwa wa maradhi ya wanawake, na upasuaji wa namna hiyo uliendana na kazi yake ya kila siku ya kufungua tumbo na kurekebisha ngiri. La pili ni kwamba mgonjwa wake alikuwa bado mnene. Njia ya kumpunguzia mtu makumi ya kilo kwa uhakika ilikuwa haijapatikana, na kwa hiyo kundi la watu waliokonda wakabaki na ngozi tupu lilikuwa dogo mno. Ilichukua miongo saba zaidi kabla ya kundi hilo kukua.

Tatizo la kitovu

Mapema katika karne ya 20 madaktari wa Ulaya na Marekani walijaribu kila mwelekeo wa kukata. Weinhold wa Ujerumani, mwaka 1909, aliunganisha mikato ya wima na ya ulalo. Babcock wa Philadelphia, mwaka 1916, alipendelea mkato wa wima katikati ya tumbo. Kila njia ilikuwa na faida yake, lakini nyingi zilikuwa na kasoro moja: kitovu kilikatwa na kutupwa pamoja na ngozi.

Huenda jambo hilo likaonekana dogo. Tumbo lisilo na kitovu halina maradhi yoyote, na kwa kipimo cha afya peke yake hakuna kilichopungua. Hata hivyo wagonjwa walisikitika, na madaktari wakaanza kusikiliza. Max Thorek, daktari aliyezaliwa Hungary na kufanya kazi Chicago, ndiye aliyejulikana katika miaka ya 1920 kwa juhudi za kukiokoa kitovu na kukipandikiza upya. Mwaka 1942 alitoa kitabu kizima kuhusu upasuaji wa kurekebisha matiti na ukuta wa tumbo. Mwaka 1957 daktari Vernon alieleza njia iliyo msingi wa ile inayotumika hadi leo: kitovu huachwa kikiwa kimeshikamana na tumbo kwa ndani, ngozi inayokizunguka huvutwa chini, kisha hutobolewa tundu jipya ili kitovu kichomoze mahali pake.

Hapo ndipo historia ya upasuaji huu ilipogeuka. Tangu daktari alipokubali kwamba mwonekano wa tumbo una thamani kwa mgonjwa, tiba na urembo vililala kitanda kimoja, na kuvitenganisha kukawa kazi ngumu.

Zama za ufukweni

Vita vikuu viwili vya dunia vilikuwa vimeipa nguvu fani ya upasuaji wa kurekebisha maumbile. Harold Gillies aliwatengeneza upya nyuso askari waliojeruhiwa katika vita vya kwanza, na Archibald McIndoe, jamaa yake kutoka New Zealand, aliwahudumia marubani walioungua katika vita vya pili huko East Grinstead, Uingereza. Vita vilipokwisha, ujuzi huo ulitafuta kazi nyingine, na ulimwengu wenye fedha ulikuwa nayo. Mwaka 1946 vazi la kuogelea la bikini lilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris, na tumbo ambalo vizazi vilivyotangulia vililifunika likawekwa mbele ya macho ya watu.

Aliyeielewa vyema hali hiyo alikuwa Ivo Pitanguy wa Brazil. Mwaka 1967 alichapisha katika jarida la Kimarekani uchambuzi wa wagonjwa wake 300 waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Mkato wake ulikuwa chini kabisa, juu kidogo ya kinena, mahali ambapo kovu lingefichwa na vazi la kuogelea. Alibana pia misuli ya tumbo iliyoachana, jambo linalowapata wanawake wengi baada ya uzazi. Miaka 3 kabla ya hapo alikuwa ameandika juu ya kurekebisha nyonga na mapaja. Watu mashuhuri kutoka mabara mbalimbali walikwenda Rio de Janeiro kumtafuta.

Lakini Pitanguy huyo huyo alikuwa na upande wa pili. Desemba mwaka 1961 sarakasi iliungua moto huko Niterói, ng'ambo ya ghuba ya Rio, mamia ya watu wakafa, wengi wao watoto. Pitanguy alikuwa miongoni mwa madaktari waliowahudumia walioungua. Aidha aliendesha wodi katika hospitali ya misaada ya Santa Casa mjini Rio, ambako maskini walihudumiwa. Mpaka kufariki kwake Agosti mwaka 2016, alishikilia kwamba maumivu yatokanayo na umbo la mwili ni maumivu ya kweli, awe nayo tajiri au maskini. Wakosoaji wake walisema kwamba hoja hiyo imefungua mlango wa biashara isiyo na kikomo. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi.

Mgonjwa wa aina mpya

Wakati Pitanguy akiandika habari za wagonjwa wake 300, katika mji mdogo wa Iowa City, katikati ya Marekani, daktari Edward Mason alikuwa akifanya jambo lililobadilisha kila kitu. Mason alikuwa ametambua kwamba watu waliokatwa sehemu ya mfuko wa tumbo kwa ajili ya vidonda hukonda na kubaki wamekonda. Mwaka 1966, pamoja na mwenzake Chikashi Ito, aliugawa mfuko wa tumbo wa mgonjwa mnene na kuiunganisha sehemu ndogo ya juu moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mgonjwa alishiba haraka na kula kidogo.

Kwa miaka mingi upasuaji wa Mason ulibaki kuwa wa wachache kwa sababu ulihitaji kufungua tumbo lote. Mwaka 1994 madaktari Wittgrove na Clark wa California waliripoti kuufanya kwa kupitisha kamera na vifaa vyembamba katika matundu madogo. Idadi ikapanda kwa kasi. Nchini Marekani upasuaji wa kupunguza uzito uliofanywa mwaka 1998 ulikuwa takriban 13,000. Kufikia mwaka 2003 ulikadiriwa kupindukia 100,000 kwa mwaka. Nchi za Ulaya, Amerika ya Kusini na Ghuba zikafuata mkondo huo.

Ndipo milango ya madaktari wa kurekebisha maumbile ikagongwa na watu wa namna ambayo Kelly hakupata kuiona. Hawa walikuwa wamekwisha kukonda. Kisukari chao kilikuwa kimetulia, shinikizo la damu limeshuka, lakini ngozi ilikuwa imelegea kuanzia kidevuni hadi magotini, mbele na nyuma. Mkato wa Pitanguy ulitosha kwa mama aliyezaa watoto watatu, lakini haukuwatosha watu hawa.

Jibu la kitaalamu lilitoka kwa Ted Lockwood wa Kansas. Mwaka 1991 alieleza jinsi utando mwembamba ulio ndani ya mafuta, chini ya ngozi, unavyoibeba ngozi hiyo mwili mzima. Kabla yake madaktari walishona ngozi kwa ngozi, na uzito wote ukaning'inia kwenye kovu, ambalo lilitanuka na kushuka. Lockwood alishona utando kwa utando kwa nyuzi imara, ili mzigo ubebwe ndani na ngozi ya juu ikutane bila kuvutwa. Mwaka 1993 alieleza namna ya kuinua sehemu yote ya chini ya mwili kwa mkato unaozunguka kiuno kama mkanda. Madaktari wa Mexico na Argentina walikuwa wamewahi kukata kwa kuzunguka kiuno miongo kadhaa kabla, lakini sasa njia hiyo ilipata msingi imara zaidi. Mwaka 2003 jopo la madaktari lililoongozwa na Al Aly lilichapisha uzoefu wake wa upasuaji huo wa mkanda, na chuo chao kilikuwa kile kile cha Iowa alikofanyia kazi Mason. Huko Pittsburgh, Dennis Hurwitz na Peter Rubin waliendeleza fani hiyo hadi ikawa tawi linalojitegemea.

Gharama ya kisu

Msikilizaji asidhani kwamba upasuaji huu ni mwepesi. Huchukua saa nyingi, na mara nyingi hugawanywa katika awamu mbili au tatu: tumbo na nyonga kwanza, kisha mapaja, kisha mikono na kifua. Mgonjwa hutoka na mirija ya kuondoa majimaji yanayojikusanya chini ya ngozi, na hutembea ameinama kwa siku kadhaa. Makovu hufifia lakini hayafutiki. Mtu hubadilisha ngozi iliyolegea kwa kovu refu, na anapaswa kulikubali hilo kabla ya kulala mezani.

Hatari inayoogopwa zaidi ni donge la damu linaloganda kwenye mshipa wa mguu, likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua kwa ghafla. Ndiyo maana wagonjwa huamshwa watembee mapema na wengi hupewa dawa za kuzuia damu kuganda. Aliyepunguza uzito kwa upasuaji wa tumbo ana tatizo la ziada, kwani mwili wake unaweza kuwa na upungufu wa protini, madini ya chuma na vitamini, na majeraha yake yakachelewa kupona. Anayevuta sigara huambiwa aache wiki kadhaa kabla, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu na kingo za ngozi huweza kufa. Aidha madaktari husisitiza kwamba uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa, pengine mwaka mzima, kabla ya kukata.

Nani alipe?

Hapa ndipo historia inapomkuta mgonjwa wa leo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1998 iliyalazimu mashirika ya bima yanayogharimia kukatwa titi kwa sababu ya saratani kugharimia pia kulitengeneza upya. Sheria hiyo ilikubali kwamba kuurudishia mwili umbo lake ni sehemu ya tiba. Hakuna sheria ya namna hiyo ya nchi nzima kwa aliyepona unene. Bima inaweza kulipa ili mfuko wa tumbo uunganishwe na utumbo, kisha ikakataa kulipia ngozi inayobaki.

Mwaka 2007 orodha rasmi ya Marekani ya nambari za huduma za kitabibu ilitenganisha mambo mawili. Kukata mkunjo wa ngozi unaoning'inia chini ya kitovu kulipewa nambari moja. Kubana misuli na kukirekebisha kitovu kulipewa nambari nyingine. Kwa desturi ya mashirika mengi ya bima, la kwanza linaweza kuhesabiwa kuwa tiba, iwapo mkunjo umefika kwenye kinena na kuna ushahidi wa picha na wa daktari kwamba vidonda vimekataa dawa kwa miezi. La pili ni urembo. Tangu Julai mwaka 2020 hata mpango wa serikali wa wazee, Medicare, unadai kibali kabla ya upasuaji huo kufanywa kwa wagonjwa wasiolazwa. Ni kana kwamba kitovu, kilekile alichokipigania Thorek, kimekuwa alama ya mpaka kati ya anayelipiwa na asiyelipiwa.

Uingereza, ambako huduma ya afya hulipiwa na kodi ya wananchi, upasuaji huu kwa kawaida haugharimiwi. Mamlaka za afya za maeneo ndizo zenye uamuzi, na masharti hutofautiana. Vyama vya madaktari viliandaa mwongozo mwaka 2014 ili masharti yalingane, lakini haulazimishi mtu. Matokeo yake ni kwamba watu wawili wenye hali moja wanaweza kupata majibu tofauti kwa sababu ya anwani zao tu.

Wanaotetea msimamo wa serikali wana hoja. Fedha za umma zina kikomo, foleni za wenye saratani na wanaohitaji nyonga mpya ni ndefu, na upasuaji wa ngozi una matatizo mengi ya vidonda yanayohitaji matibabu zaidi. Wanaoupinga nao wana hoja. Utafiti wa madaktari wa Geneva, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa kurekebisha mwili baada ya ule wa tumbo walirudisha kilo chache kuliko wenzao ambao hawakufanyiwa. Utafiti huo haukuwagawa wagonjwa kwa kura, na inawezekana waliochagua upasuaji walikuwa tayari na ari zaidi. Hata hivyo unaashiria kwamba ngozi isiyoondolewa inaweza kumkatisha mtu tamaa na kumrudisha alikotoka.

Anayenyimwa kwao huvuka mpaka kutafuta bei nafuu. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kiliripoti mwaka 2024 kwamba raia 93 wa nchi hiyo walifariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika kati ya mwaka 2009 na 2022. Wengi wa wale ambao rekodi zao za uchunguzi zilipatikana waliuawa na mafuta au damu iliyoganda na kuziba mishipa ya mapafu. Bei nafuu mara nyingi hupatikana kwa kuunganisha upasuaji mwingi katika siku moja na kumpandisha mgonjwa ndege kabla mwili haujatulia.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili

Katika Afrika ya Mashariki upasuaji wa kurekebisha maumbile uliingia kwa mlango wa tiba. Mwaka 1957 madaktari watatu wa fani hiyo, Michael Wood, Tom Rees na Archibald McIndoe yule yule wa marubani walioungua, walianzisha huduma iliyokuja kuwa shirika la AMREF, lenye makao yake Nairobi. Mikono yao ilitibu majeraha ya moto na midomo iliyopasuka, na hakuna aliyeiita kazi hiyo urembo. Unene nao ulikuwa na maana tofauti. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa UKIMWI ulipoitwa "Slim" huko Uganda, kukonda kukawa jambo la kushukiwa, na hadi leo kuna wanaoficha kupungua kwao kwa kuogopa minong'ono ya majirani.

Wazungumzaji wa Kiswahili walioko Muscat, Doha au Kuwait wanaishi katika ukanda wenye viwango vya unene wa kupindukia vilivyo miongoni mwa vya juu duniani, na ambako upasuaji wa kupunguza uzito ni wa kawaida. Kwa Waislamu kuna swali la ziada, iwapo kukata ngozi ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilijadili upasuaji wa aina hii. Liliruhusu ule unaorudisha umbo la asili au kuondoa kasoro yenye madhara ya mwili au ya nafsi, na likakataza ule unaofuata matamanio tu. Wanazuoni na mashirika ya bima wamefika kwenye mstari ule ule kwa njia tofauti, isipokuwa wanazuoni wameyahesabu pia madhara ya nafsi.

Swali hili litazidi kuwa zito. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mwaka 2022 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na unene wa kupindukia. Dawa mpya za sindano zimeingia: semaglutide iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kupunguza uzito Juni mwaka 2021, na tirzepatide Novemba mwaka 2023. Katika majaribio, ya kwanza ilipunguza wastani wa takriban asilimia 15 ya uzito wa mwili, na ya pili hadi takriban asilimia 20. Kukonda kwa makumi ya kilo, jambo ambalo zamani lilihitaji kisu cha Mason, sasa linawezekana kwa sindano ya kila wiki. Dawa hizo huondoa mafuta, lakini ngozi haziigusi.

Mwaka 1899 Howard Kelly hakuulizwa kama gramu 7,450 alizoziondoa zilikuwa za tiba au za urembo. Aliuona mzigo, akautua. Tangu wakati huo ustadi umekua kiasi kwamba mwili mzima unaweza kushonwa upya, na kila ustadi ulipokua ndivyo orodha ya masharti ilivyorefuka. Maadamu serikali na mashirika ya bima yanalipia kukonda, yatalazimika kuamua mapema kama ngozi inayobaki ni sehemu ya ugonjwa waliokubali kuutibu, au ni jambo la mgonjwa na mfuko wake.